Pamba Mpya Tupu

4 Februari

Kaka,

Mama kasimama nyuma ya kiti changu na ameapa barua hii haitasogea mpaka nikuulize kama unakula, na kama unakula, kama wanakutilia chumvi. Basi nimeuliza, mzigo nimeutua. Sisi wazima. Mguu wake unamsumbua asubuhi, mchana anausahau, jioni anaukumbuka akiona vyombo vinamsubiri. Wifi alikuja Jumapili na wanao. Yule mdogo ameota jino na amelijaribia kwenye kidole changu. Wote wanauliza kifua chako kitapona lini, nami nawajibu haraka haraka haina baraka, ingawa moyoni nataka upone kesho.

Sasa la kwangu. Nimechoka na insha za "Siku Nisiyoisahau." Kila mwaka darasa zima linazama mtoni, linaokolewa na mjomba mwenye kamba, kisha linazinduka na kugundua lilikuwa linaota. Mwaka huu nimesema basi. Nimewapa kazi ya kuandika jinsi vitu vya kila siku vinavyotengenezwa: sabuni, kufuli, ufagio, daftari. Mtoto aende akaone. Aseme kitu kimetengenezwa kwa vitu gani, aseme hatua zake, na mwisho kabisa aseme nani anakitumia. Ubaoni, juu, nimeandika kwa chaki ya rangi: *Usichokiona usikiandike. Ulichokiona usikiache.* Nimemkataza hata mtoto wa zamu kuyafuta.

Kuna binti mmoja wenzake wanamwita Bi Swali. Ukimwambia sasa ni saa nne, atataka kujua nani kasema. Zamani alikuwa ananichosha, lakini kwa kazi hii nimempenda. Nimegundua alikuwa anasubiri somo lake tu.

Naomba niwalete karakana kwako waone godoro linavyoshonwa. Mkuu wa shule hana kipingamizi. Tangu muhula uliopita, nilipokusifu mbele yake mpaka akakuchagua utuletee magodoro ya bweni, anakuita "yule ndugu yetu." Ukiniruhusu, niandikie upesi.

Mdogo wako,
Ticha

15 Februari

Ticha mdogo wangu,

Mwambie Mama chumvi nimeisahau hata rangi. Wananipa chakula cheupe, chai nyeupe, na vidonge vyeupe. Muuguzi mkuu wa wodi yetu ni mwembamba kama uzi lakini akikohoa kidogo wanaume wazima tunajifunika shuka. Jirani yangu wa kitanda cha pembeni anakoroma kwa zamu na mimi, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Daktari anasema kifua kimejaa vumbi la pamba la miaka mingi, na kwamba kitasafishika polepole. Na godoro la hapa, dada, usiniulize! Lina vilima na mabonde. Aliyelishona ningemfukuza kabla hajameza mate.

Ungeweza kunipigia simu, lakini simu ya wodi iko mezani kwa muuguzi na kila mwenye masikio anasikiliza. Barua ni bora.

Walete! Walete hata kesho. Mimi niliyetoroka shule kwa kuogopa hesabu, leo nimekuwa somo? Nilimsomea jirani barua yako kwa sauti, mara mbili, mpaka akasema sawa, nimesikia. Nimemwandikia Fundi Shazia leo leo. Nimemwambia awapokee kwa heshima, awaonyeshe kila kitu, asiwafiche hata uzi. Waambie tu wasiguse ile sindano yake ndefu, maana jina la Shazia kalipata kwayo, na haiachii mtu kidole.

Nisalimie Wifi yako, mwambie namkumbuka kuliko chumvi.

Kaka yako, somo la darasa

19 Februari

Ticha,

Sijambo. Usiwapeleke kwanza. Nimefikiri, ni vizuri nikiwepo mwenyewe. Kazi bila mwenyewe kuielezea haieleweki. Shazia si mtu wa maneno. Subiri nirudi, hata ikiwa muhula ujao.

Wasalimie wote. Tafadhali usiwapeleke.

Kaka

2 Machi

Kaka,

Mama anasema ukiona muuguzi mwembamba umwogope zaidi. Mtoto sasa ana meno mawili na hatuna tena vidole. Wifi anawafundisha wanao hesabu nyumbani, maana mwalimu wao ameugua, na nimemwazima vitabu.

Barua yako ya pili nimeipata jana. Ziara tulishaifanya wiki iliyopita. Posta ndiyo hiyo unayoijua.

Nikueleze. Watoto walipanga mstari mlangoni wakiimba "Baba Godoro, Baba Godoro," maana ndivyo wanavyokuita. Shazia alikuwa amevaa shati safi, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Akawaonyesha kitambaa cha mistari kinavyopimwa na kukatwa, upande mmoja ukiachwa wazi kama mdomo. Akawaonyesha pamba inavyosukumwa pembeni kwanza, katikati mwisho, ili godoro lisiwe na tumbo. Akamwita mtoto mmoja alale juu. Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kaka. Nilikuwa nimesimama pale najivuna kwamba hii ni karakana ya ndugu wa tumbo moja na mimi.

Kisha Bi Swali akauliza, "Na pamba inatoka wapi?" Shazia, kwa kuwa ulimwandikia asifiche hata uzi, akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Nimeshakuja kwako mara ngapi? Sikuwahi kuingia chumba kile. Uliniambia ni stoo. Kuna magodoro makuukuu yamepandana mpaka darini, yana madoa ambayo sitayaelezea kwa kuwa Mama anaweza kuiona barua hii. Vijana wawili wamejifunga vitambaa puani wanayapasua, wanatoa matumbo yake, wanayachapa kwa fimbo. Vumbi likatufukuza. Shazia akaeleza kwa upole kabisa kwamba haya yametoka hospitali, haya nyumba za wageni, na kwamba pamba haitupwi. Halafu akarudi mbele, akachukua godoro lililokwisha kushonwa, akagonga muhuri wa rangi ya buluu: PAMBA MPYA TUPU.

Watoto waliandika kila kitu. Niliwafundisha mwenyewe.

Mkuu anataka insha bora zibandikwe ukutani siku ya wazazi, mwishoni mwa Juni. Kabla sijafanya lolote nataka unijibu mambo mawili. Kwa nini ulinizuia nisiwapeleke? Na magodoro ya bweni letu, yale niliyoyatolea maneno yangu, ni ya namna hiyo hiyo?

Dada yako

20 Machi

Mdogo wangu,

Kifua leo kina nafuu, namshukuru Mungu. Hapa wodini siku hizi wanafungua dirisha moja zaidi. Upe pole mguu wa Mama.

Umeniuliza kama hakimu. Sikujua kwamba siku hizi mnafundishwa na uhakimu. Dunia hii kila karakana ina chumba cha nyuma. Mwoka mikate anacho. Fundi nguo anacho. Hata nyinyi ofisi ya walimu mna kabati msilolifungua wazazi wakija. Pamba ikichapwa vizuri inarudi kuwa pamba. Nani umesikia ameuawa na godoro? Hata mimi hapa, daktari amesema ni vumbi tu.

Kuhusu ya bweni: ulitaka mengi, ulitaka upesi, ulitaka kabla shule haijafunguliwa, na ulitaka mkuu akusifu. Jibu unalo.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe. Wazazi wakisoma ukutani mambo ya chumba cha nyuma, mafundi wangu watakula wapi? Wifi yako je? Na ni nani aliyesimama mbele ya mkuu akanisifu? Nikianguka, hutabaki umesimama. Huyo Bi Swali ni mtoto. Mtoto akisahihishwa husahihika, na mwenye kalamu ni wewe. Sikuombi useme uongo. Nakuomba ufupishe.

Nisalimie nyumbani.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Mama hajambo. Wifi hajambo. Mvua imeanza.

Nimefupisha.

Ticha

2 Mei

Kaka,

Hujaniandikia tangu nilipokuandikia, na sikulaumu, barua yenyewe ilikuwa kama kipande cha ukucha. Mama yuko sawa. Anashangaa siku hizi siimbi nikipika. Nimemwambia koo.

Si koo. Nina aibu. Naiandika wazi kwa sababu nyumba nzima sina wa kumwambia, na kwa sababu aibu hii tumeichanga wawili.

Nilimwita Bi Swali mezani kwangu wakati wa mapumziko. Insha yake ilikuwa nzuri, kaka, nzuri kuliko zangu. Sehemu ya chumba cha nyuma aliiandika hivi: "Pamba ya zamani hawaitupi. Wanaitoa kwenye magodoro ya hospitali, wanaichapa mpaka inatii, wanaongeza mpya kidogo juu. Hii ni akili sana. Kisha wanagonga muhuri unaosema Pamba Mpya Tupu." Unaona? Hakumsema mtu. Hakujua kuna la kusemwa. Aliona mafundi hodari wasiotupa kitu, akawasifu.

Nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mstari kuanzia hapo hadi mwisho. Nikasema, "Haya hayako kwenye mada. Kaiandike upya." Hakubisha. Aligeuka tu akautazama ubao, na maneno yangu ya rangi yalikuwa pale pale. Mimi nami nikayatazama. Kisha nikamwambia akakae.

Kesho yake alileta insha safi isiyo na chumba cha nyuma. Nikampa alama zote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mstari wenyewe. Ningemnyima alama angejua ameonewa. Nilimpa zawadi, na insha yenyewe nikaibandika darasani kama mfano kwa wenzake.

Sikia sasa. Wiki iliyopita walileta insha za pili. Ya kwake ilihusu ufagio. "Ufagio hutengenezwa na watu wachangamfu sana. Hatua zote ni nzuri. Kila mtu anaufurahia." Nikamuuliza, "Ulikwenda kuona?" Akasema, "Hapana, Mwalimu." Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa adabu, mikono nyuma, "Nimeandika kama unavyopenda."

Nikafungua za wengine. Sabuni inatengenezwa na watu wanaotabasamu. Kufuli linatengenezwa na watu wanaotabasamu. Darasa langu zima linatabasamu, kaka, na hakuna aliyetoka kwenda kuangalia. Na wenzake wameacha kumwita Bi Swali. Wanamwita kwa jina lake tu kama mtoto mwingine yeyote, kwa sababu siku hizi haulizi kitu.

Yule mtoto hakuwa na aibu hata chembe. Ya kwetu ndiyo niliyomvika, yangu na yako, kwa kalamu. Jana nimeyafuta maneno yangu ubaoni. Nilingoja wote watoke kwanza, maana sikutaka waone mkono wangu.

Ile karatasi ya kwanza, yenye mstari mwekundu, ninayo. Sijui niifanye nini. Usiniambie niichome.

Dada yako

9 Juni

Ticha,

Mwambie Mama sasa natembea mpaka bustanini na kurudi bila kukaa njiani. Mwambie Wifi yako daktari ametaja mwezi ujao. Jirani yangu ameruhusiwa kwenda nyumbani, na ukimya wake unaninyima usingizi.

Nimechelewa kujibu, na usikisingizie kifua. Barua yako ilikaa chini ya mto. Kila nikigeuka inanikwaruza shingo.

Unakumbuka nilivyolicheka godoro la hapa? Siku moja wametoka wote kwenda kuota jua, nikapasua uzi wa pembeni kwa ukucha, nikaingiza vidole. Mkono wangu haukuhitaji kuuliza. Pamba kuukuu, imechapwa kivivu, bado ina mabonge. Nikageuza shuka nikautafuta muhuri. Karakana nyingine, mji mwingine, maneno yale yale. Hasira iliyonipanda! Nikasema huyu ni mtu gani, anawalaza wagonjwa wa kifua juu ya vumbi la wagonjwa wengine? Nililitukana jina lake kimoyomoyo kwa matusi ambayo Mama hajui kama nayajua. Nikaendelea kutukana mpaka nikafika mahali matusi yakaanza kunirudia. Muuguzi akaingia akanikuta mkono umo ndani ya godoro. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema nimeangusha kifungo.

Basi nikakaa kitandani, mtu mzima, nimeshika kifungo kisichokuwepo.

Nilikuzuia usiwapeleke kwa sababu nilipokwisha kumtumia Shazia barua ile ya majivuno, nilikumbuka chumba cha nyuma. Nilikuwa nimekisahau, dada. Ndivyo nilivyofika. Mtu anaweza kuficha kitu mpaka kikajificha hata kwake.

Nimemwandikia Shazia tena, na safari hii sijivuni. Magodoro ya bweni yarudi yote, yashonwe kwa pamba mpya kweli. Chumba cha nyuma kisafishwe. Muhuri aufungie sandukuni, asiugonge popote mpaka nirudi. Wateja wakikimbia, wakimbie. Wewe ibandike insha ya mtoto, ile ya kwanza, na mstari wako mwekundu uonekane. Jina langu likitajwa, usilitetee.

Ila kuna jambo. Katika barua yako ya kwanza ulisema kila insha inataja kitu kimetengenezwa kwa vitu gani, hatua zake, na mwisho nani anakitumia. Umeniandikia habari ya pamba. Umeniandikia hatua. Hukuniandikia aliloliandika mwisho, na ulisema mstari wako ulifika hadi mwisho. Usinifupishie. Nilikuomba mara moja, na ilitosha.

Kaka yako

27 Juni

Kaka,

Mama nimemwambia. Nilimsomea barua zako zote, na niliyokuandikia mimi nikamsimulia. Aliisukuma chai yake kando. Halafu akasema, "Mwambie arudi nimchape, kisha nimpe chai." Akaniangalia na mimi akasema, "Na wewe usijifiche nyuma yake." Wifi amelia kidogo, kisha akaenda karakana mwenyewe kusimamia usafi. Shazia anasema anamwogopa kuliko wewe.

Magodoro yalichukuliwa Jumanne. Wasichana wa bweni wanalala kwenye mikeka kwa sasa, na wanafurahi kama wako mapumzikoni.

Kabla ya siku ya wazazi niliingia darasani nikaandika tena maneno yale ubaoni, kwa chaki ya rangi. Nikawaambia kwamba kuna mwalimu aliyemfutia mtoto jambo aliloliona kwa macho yake, na kwamba mwalimu huyo ndiye anayesema nao. Nilidhani nitasema kwa ushujaa. Kumbe nilihitaji kushika meza. Nikamwomba radhi yule binti mbele ya wenzake. Hakutabasamu. Kisha akanyoosha mkono. Moyo ukanipasuka kwa furaha kabla hata hajafungua mdomo, maana mkono ule sikuwa nimeuona tangu Aprili.

"Mwalimu," akasema, "kwa nini ulifuta?"

Nikawaambia. Nilisema ni kaka yangu, na kwamba nilimwonea haya yeye na nikajionea haya mimi. Akafikiri, akaniuliza, "Na sasa huoni haya?" Nikasema naona zaidi. Akakaa. Sijui kama amenisamehe, na sijamuuliza.

Insha nimeibandika. Wazazi walisoma. Wengine waliguna, mmoja alisema "Yarabi!" kwa sauti, na mkuu aliisoma peke yake, mikono nyuma, kisha akasema niende ofisini kwake Jumatatu. Nitakwenda. Akiniuliza nani alimhakikishia ubora wa magodoro yale, nitasema mimi.

Sasa la mwisho, ulilolidai. Sikulificha kwa kusahau. Nimeandika barua hii tangu juu nikilizunguka, na sasa karatasi inakwisha. Yule binti analala bweni. Ulichokuwa unatengeneza, alikuwa anakitumia yeye. Aliandika hivi, na wino wangu mwekundu umepita juu ya kila neno, lakini bado linasomeka:

"Nani anakitumia: Mimi. Kitanda changu ni cha pili kutoka dirishani. Sikujua kama godoro langu limechapwa na kushonwa kwa kazi ngumu hivi. Nikirudi bweni leo nitalitandika vizuri zaidi. Asante sana Baba Godoro."

Mdogo wako